Chakula cha Krismasi kikichelewa: kazi za mikono na michezo ya mezani kwa watoto

#1 – Mleta uzi

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Mwisho wa mwaka unakaribia, na kwa wenzangu ambao kila Desemba hupanda basi kuelekea Rombo, Marangu, Kibosho au Machame huko Kilimanjaro, napenda tujadili jambo ambalo kila familia huliacha lijiendeshe lenyewe: watoto wafanye nini siku ya Krismasi tangu wanapotoka kanisani hadi chakula kinapofika mezani. Watu wazima hawaoni tatizo kwa kuwa kila mmoja ana lake. Wapo walio kwenye mbuzi, wapo walio jikoni kwenye masufuria ya mtori na pilau, na waliobaki wameketi pembeni ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, wakiulizana habari za mwaka mzima huku pombe ya mbege ikizunguka. Watoto ndio wasio na nafasi. Wametoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha, baadhi yao ni mtu na binamu yake lakini hawajuani majina, wamevaa nguo mpya ambazo wamekatazwa kuzichafua, na wana njaa. Ikifika saa 9 alasiri na chakula hakijaonekana, kilio huanza kona moja kikapokelewa kona nyingine, na simu za wazazi huanza kugawiwa kama pipi.

Msimamo wangu ni kwamba kinachomtuliza mtoto siku hiyo si kifaa cha kuchezea kilichonunuliwa dukani, bali ni kitu alichokitengeneza mwenyewe na ambacho kitakuwa na kazi katika chakula hichohicho anachokisubiri. Mtoto akitengeneza ua la karatasi, akasifiwa, kisha ua likawekwa juu ya kabati, hana sababu ya kuendelea kukaa. Akijua kwamba wageni hawawezi kuketi kabla kadi zake hazijapangwa, au kwamba chumvi haiwezi kumfikia babu bila gari lake, atakaa, tena atawahimiza wenzake wamalize.

Vifaa vyote viko nyumbani. Cha kwanza ni kalenda ya mwaka unaokwisha, ambayo katika nyumba nyingi hazikosekani mbili au tatu ukutani, za parokia, za chama cha ushirika na za duka la pembejeo. Karatasi yake ni nene, upande mmoja una picha na upande wa pili ni mweupe, na tarehe 25 Desemba hakuna atakayeililia, isipokuwa mwenye nyumba atataka ukurasa wa Desemba ubaki hadi siku ya mwisho, mwachieni. Vingine ni visoda vya soda za mkesha, trei za mayai, maboksi ya maziwa, ndala zilizokatika, maganda makavu ya migomba na punje za kahawa. Gundi si lazima inunuliwe: koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku unakoroga, na ukizidi kuwa mzito kama uji wa mgonjwa ipua. Iandaliwe jioni ya tarehe 24, kwa sababu asubuhi ya sikukuu hakuna jiko litakaloachwa wazi kwa ajili ya gundi.

Kazi ya kwanza ni kadi za majina. Kila mtoto anayejua kuandika apewe watu wanne au watano, awaandikie kadi ya kusimamisha mezani, na kwenye kila kadi aandike jina la mtu pamoja na anavyomwita yeye: baba mdogo, shangazi, mama mkubwa, mjomba, bibi. Sharti ni kwamba asimuulize mzazi wake, bali amwendee mhusika mwenyewe na kumuuliza, “Shikamoo, mimi nikuiteje?” Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu mtoto wa mjini aliyekuwa amejificha nyuma ya gauni la mama yake analazimika kuzunguka uani na kuamkia wazee mmojammoja, na mzee naye anapata nafasi ya kumweleza kwamba mimi na babu yako tumezaliwa tumbo moja. Kadi mbili za mtu mmoja zikitofautiana, kwa kuwa huyu ni shangazi wa mtoto mmoja na mama mdogo wa mwingine, zote ziwekwe. Ubishi utakaozuka mezani ni mzuri.

Ya pili ni mikeka ya kuwekea sahani. Kurasa za kalenda zikatwe vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili, vipande nane vilazwe wima, vingine vipitishwe juu na chini kwa kupishana, na kingo zikunjwe na kubandikwa kwa ile gundi ya unga. Wenye mikono mizoefu watumie maganda makavu ya mgomba badala ya karatasi. Yalainishwe kwanza kwa kunyunyiziwa maji, la sivyo yatapasuka. Mkeka wa maganda hustahimili sufuria ya moto kuliko wa karatasi.

Ya tatu ni gari la chumvi, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa nitaeleza kwa kirefu. Boksi la maziwa la lita moja lilazwe, upande wa juu ukatwe ili libaki na tela lililo wazi. Njiti mbili za mishikaki zipitishwe chini, mbele na nyuma, ndani ya vipande vya mrija wa soda vilivyobandikwa kwenye boksi, ili njiti izunguke bila kukwama. Magurudumu ya visoda yanapendeza macho lakini huteleza juu ya kitambaa cha nailoni, kwa hiyo magurudumu ya ndala ni bora. Kijana mkubwa ayakate kwa kisu kwa kufuatisha mduara wa kisoda, kisha yatobolewe katikati kwa msumari. Mbele ya gari ifungwe kamba, na nyuma ifungwe kamba nyingine, kila moja ikifika mwisho wa meza. Mtoto mmoja anaketi kichwani mwa meza, mwingine miguuni, na gari linakwenda na kurudi kati yao likiwa limebeba chumvi, pilipili, ndimu na vijiti vya meno. Mtu akitaka chumvi hainuki wala hanyooshi mkono mbele ya mwenzake, bali anaita kituo chake, maana kabla ya chakula watoto wamekwisha kuigawa meza vituo: Mwanga, Same, Hedaru, Korogwe, Chalinze, hadi Dar es Salaam. Dereva akipitiliza kituo au akimwaga mzigo, anampisha mwingine. Kwenye meza ya watu 20 mchezo huu peke yake huwatosha watoto sita kwa kupokezana, na sijaona mtu mzima aliyekataa kuita kituo.

Kuhusu mapambo ya mti sitasema mengi. Minyororo ya karatasi kila mtu anaijua. Sijapata kuelewa kwa nini tunabandika pamba kwenye matawi ya saipresi kuigiza theluji ilhali theluji yenyewe iko juu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na asubuhi yenye anga safi inaonekana ukiwa uani, lakini watoto wanaipenda kazi hiyo na pamba si ghali.

Sasa michezo. Bao linatengenezwa kwa trei mbili za mayai. Trei moja ina nafasi 30, yaani 5 kwa 6. Ukikata kila moja ibaki 4 kwa 4 na kuziunganisha ubavuni, unapata safu 4 zenye mashimo 8, ambayo ndiyo mashimo 32 ya bao letu. Kete ni 64, na punje za kahawa kavu zinafaa sana. Msiwaanzishie watoto kwa namua, ambapo kete nyingi hubaki mkononi na hesabu ni ngumu. Anzeni na bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete 2 tangu mwanzo, mchezaji anasambaza kutoka shimo moja, na kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu amelala, zamu inahamia kwa mwenzake. Mweke babu pembeni yao. Hatakaa kimya, na hapo ndipo watajifunza.

Drafti inataka ubao wa miraba 64 uliochorwa kwenye boksi na visoda 24, yaani 12 vilivyolala chali kwa mmoja na 12 vilivyolala kifudifudi kwa mwingine. Chakula kikifika ubao unakunjwa na kuwekwa chini ya kiti, mchezo ukiwa umekwisha au haujaisha.

Kwa ule muda mbaya kuliko yote, yaani watu wamekwisha kuketi na sala inasubiri mtu mmoja aliyekwenda kubadilisha shati, vitendawili havina mpinzani. Asubuhi kila mtoto awaendee wazee wawili, apate kitendawili kimoja kwa kila mzee, akiandike kwenye kipande cha kalenda na kuficha jibu kwa kukunja ukingo. Mezani anatega: “Kitendawili!” Wote wanaitika: “Tega!” Nyumba yangu haina mlango. Popoo mbili zavuka mto. Mzee Kombe akilia watu hufurahi. Huku ng’o na kule ng’o. Wakishindwa, anadai mji, na mji uliokwisha kutolewa hauruhusiwi kutolewa tena, kwa hiyo baada ya Moshi, Arusha na Tanga kwisha, mtoto wa Dar es Salaam atalazimika kuikumbuka Songea, Bukoba na Sumbawanga. Majibu, kwa waliosahau, ni yai, macho, mvua na giza.

Naomba wenye uzoefu wa mikoa mingine na wa sikukuu nyingine waongeze.

#2 – Mchangiaji

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na mawazo yako ni mazuri, lakini kuna swali ambalo umelikwepa. Nani atasimamia hayo yote? Siku ya Krismasi mimi ndiye ninayeamka saa 10 alfajiri kuchambua mchele, na shemeji zangu wako nami hadi mchana. Ukiniambia kuna gundi ya kupika, trei za kukata na kamba za kufunga, maana yake umeniongezea sufuria nyingine, kwa sababu kwa mila zetu jambo lolote lenye neno “watoto” ndani yake linakabidhiwa kwa akina mama hata kabla ya mtu kufungua kinywa. Zaidi ya hapo, vipande vya kalenda vikishatapakaa sebuleni dakika kumi kabla wageni hawajaingia, anayefagia anajulikana.

#3 – Mleta uzi

Dada yangu, pingamizi lako ni la haki, na nilipaswa nilitangulize. Jibu langu ni kwamba kazi hii isipewe jikoni kabisa. Mbuzi mmoja hahitaji wanaume tisa. Wachinjaji wawili na mwenye moto mmoja wanatosha, na waliobaki, ambao kwa kweli wanasubiri kuonjeshwa ini, wana mikono, visu na muda. Baba mdogo mmoja na kijana mmoja wa sekondari wakabidhiwe watoto rasmi tangu jioni ya mkesha, mbele ya watu, ili siku yenyewe pasiwe na wa kusema hakusikia. Mahali pa kazi pawe nje, chini ya mti au barazani, si sebuleni, na takataka zote ni karatasi na maganda ambayo yanaishia kwenye shimo la mbolea la mgombani. Gundi nayo ipikwe na kijana huyohuyo kwenye jiko la mkaa la uani. Ni kazi ya dakika chache, na kijana wa sekondari asiyeweza kukoroga unga wa ngano ana tatizo kubwa kuliko Krismasi.

#4 – Mchangiaji, Unguja

Sisi huku meza ya sikukuu ni nadra. Siku ya Idi tunatandika busati, sinia la biriani au pilau linawekwa katikati, na watoto wanakula sinia lao pamoja. Kwa hiyo gari lako la chumvi halina barabara. Hata hivyo kanuni yako ya kitu kuwa na kazi tunaijua, na kwetu kitu hicho ni kawa. Kila sinia linafunikwa kwa kawa ya ukili, yaani kifuniko cha majani ya mkindu yaliyosukwa, kuzuia nzi, na watoto wanaweza kutengeneza kawa ndogo za karatasi kwa ajili ya bakuli za achari, kachumbari na tende: duara la manila linakatwa mstari mmoja hadi katikati, kingo mbili zinapandishwa moja juu ya nyingine hadi litokee pembe kama pia, kisha linabandikwa na kuchorwa mistari ya rangi kwa kufuata ukili wa bibi. Mtoto mwenye kawa yake ndiye anayeifunua wakati wa kula, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Kwa wadogo zaidi kuna kititia cha kuti bichi la mnazi. Unachukua vipande viwili vya jani, unavikunja na kuviingiza kimoja ndani ya kingine hadi vifanye mabawa manne, unapenyeza chelewa, ule uti mgumu wa jani la mnazi, katikati, na mtoto anakimbia nacho dhidi ya upepo. Hakifai mezani, nakiri, lakini kinafaa sana kwa mtoto aliyemaliza kula kabla ya wenzake. Kwa wakubwa dhumna na keram hazihitaji maelezo, ila mjue kwamba Idi ina tofauti moja na sikukuu yenu: watoto wetu wana mahali pa kwenda jioni, viwanja vya Mnazi Mmoja, na mawazo yao yako huko. Mchezo mrefu hautawakamata mchana. Chagueni mifupi.

#5 – Mchangiaji, magharibi mwa Kenya

Nikiunga mkono hoja ya michezo mifupi, nawaletea shisima, mchezo wa watoto wa Watiriki wa huku kwetu Vihiga, ambao unamalizika kabla chai haijapoa. Chora umbo lenye pembe nane kwenye upande mweupe wa hiyo kalenda yenu, weka nukta katikati, kisha unganisha kila pembe na nukta hiyo kwa mstari. Kila mchezaji ana kete tatu. Mmoja atumie punje za mahindi na mwingine maharagwe. Kete zinapangwa kwenye pembe tatu zinazofuatana, za huyu zikitazamana na za yule, na katikati panaachwa wazi. Kwa zamu, kila mmoja anasogeza kete moja hadi nukta jirani iliyo wazi, kwa kufuata mstari, bila kuruka kete nyingine. Anayepanga kete zake tatu katika mstari mmoja unaopita katikati ameshinda. Mkirudia mpangilio uleule mara tatu, hakuna mshindi, anzeni upya.

Faida yake ni kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kumshinda mjomba wake, tena kihalali. Faida nyingine ni kwamba ubao unaenea kwenye mkeka wa sahani, kwa hiyo unaweza kuchorwa palepale mtu anapoketi, na mkeka ukageuzwa chakula kinapofika.

#6 – Mchangiaji, mwalimu wa chekechea

Naomba nitie neno kuhusu walio chini ya miaka mitatu, ambao uzi huu umewasahau, ingawa wao ndio wanaolia zaidi. Punje za kahawa, maharagwe, mahindi na visoda visiwe karibu nao hata kidogo, kwa sababu kila kitu wanakipima kwa mdomo na kete moja inatosha kuziba koo. Meza ya bao na meza ya wadogo ziwe mbali. Visoda hata kwa wakubwa vigongwe kwanza kwa nyundo juu ya jiwe hadi meno yake yalale, kwani ukingo wake unakata vidole.

Wadogo hao wapewe unga wa kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, na maji kidogokidogo hadi kikombe kimoja, ukande hadi usinate mikononi. Gawanya mabonge mawili, moja lipate manjano ya jikoni. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa tumbo la mtoto, kwa hiyo mtu mzima akae nao muda wote. Ladha yake ni mbaya na wengi huitema, lakini wapo wasioitema. Kazi yao iwe kutengeneza vishikilio vya kadi za majina: bonge dogo linabonyezwa mezani, kadi inachomekwa juu, basi. Hapo na mtoto wa miaka miwili na nusu ana kitu chake mezani kama kaka zake.

#7 – Mchangiaji

Na anayeshindwa je? Kwetu drafti huanza kwa kicheko na kuisha kwa visoda kurushwa kwenye bakuli la mtori.

#8 – Mleta uzi

Mwalimu, vishikilio vya unga nimevichukua, na ndugu wa Vihiga, shisima itachorwa nyuma ya kila mkeka. Mwenzetu wa Unguja, kawa za karatasi zinatufaa hata sisi, kwa kuwa nzi wa siku ya mbuzi hawana dini.

Kuhusu wanaoshindwa, nina mambo mawili. La kwanza, watoto wasicheze mmoja kwa mmoja, bali wawiliwawili, mkubwa na mdogo upande mmoja. Mdogo ndiye anayesogeza kete na mkubwa ndiye anayenong’ona. Wakishindwa, kila mmoja ana wa kumlaumu bila kugusa bakuli la mtu. La pili, pasiwe na zawadi ya fedha wala soda ya ziada, kwa kuwa hapo wazazi nao wataingia kwenye ubishi. Mshindi apewe kazi: ndiye atakayeshika birika na beseni na kuwanawisha wageni mikono, akianza na bibi. Kwa watoto wetu hiyo ni heshima inayogombewa kweli, na aliyeshindwa anashika taulo, kwa hiyo naye anaingia mezani pamoja na mshindi.

Kalenda anzeni kuziomba mapema kwa wenyewe. Na anayeleta ndala zilizokatika azioshe kwanza.